Mkanda wa Picha Thelathini na Sita

Mama alifariki Machi 1993, kwa homa ya siku nne, na ndani ya kamera yetu mlikuwa na picha zake ambazo hakuna mtu aliyekuwa amezitia machoni. Zilikuwa thelathini na moja. Najua idadi kwa sababu mpiga picha nilikuwa mimi, na kidirisha kidogo juu ya kamera kilionyesha namba.

Mkanda ule niliuweka Novemba, siku ya kipaimara cha mdogo wangu Godwin. Ukaendelea hadi Krismasi, ukaendelea hadi siku Mama alipofungua duka lake la vitambaa Kijenge na kusimama mlangoni na futi ya kupimia shingoni. Karibu picha zote Mama alikuwemo.

Leo mtu ataniuliza kwa nini hatukuupeleka studio ukasafishwe siku ileile ya msiba. Sababu ni kwamba zilikuwa zimebaki picha tano. Baba yangu, Aminiel, alikuwa mtu wa miaka ya foleni. Alipanga foleni ya sukari, ya sabuni, ya betri za redio, na enzi hizo mkanda wa rangi kilikuwa kitu unachosikia fulani ameletewa kutoka Nairobi. Mwaka ule mikanda ilikuwa imejaa madukani, imepangwa kando ya pipi, lakini ndani ya Baba foleni ilikuwa haijaisha.

"Mkanda una picha tano nzima," alisema. "Siwezi kuzitupa."

Kwa hiyo mbele ya jeneza la Mama ilibebwa picha ya kitambulisho chake cha zamani cha kazi, iliyokuzwa mpaka uso ukawa kama umepakwa unga. Wageni waliitazama, wakaangalia pembeni. Baba akatuambia, "Msijali. Picha zake za kweli zipo kwenye kamera."

Maneno hayo aliyarudia mara nyingi miezi ile. Lakini hatukumaliza mkanda. Kila tulipotaka kupiga alikataa. Godwin alitaka apigwe na baiskeli ya rafiki yake. Blessing, mdogo wetu wa mwisho aliyekuwa na miaka minane, alitaka apigwe na paka. Baba aliuliza, "Mkanda mmoja na mama yenu, mpige paka?" Kamera ikakaa juu ya kabati, imefungwa kwenye kitenge cha Mama, mpaka mwishoni mwa Julai. Jumapili moja tulipotoka kanisani akasema, "Nimepata. Tutapiga samaki."

Hapo inabidi nieleze ubishi wao. Mama, jina lake Rachel, alikuwa Mmeru, amezaliwa huko juu ya Maji ya Chai, shamba lao likipakana na msitu. Baba ni wa Machame. Miaka ishirini Mama alimwambia kwamba kwenye kijito cha juu ya shamba lao wapo samaki wenye madoa, walioletwa na mzungu mmoja mwenye shamba, na kwamba baba yake mwenyewe, yaani babu yetu, alipanda mlima na debe la samaki wadogo kichwani akikatazwa kusimama njiani kupumzika, maji yasije yakatulia wakafa. Baba alicheka miaka hiyo yote ishirini.

"Mmeru na samaki wapi na wapi?" alikuwa akisema. "Mama yako mwenyewe anawaita nyoka."

Hilo lilikuwa kweli. Bibi hakuwahi kuweka samaki mdomoni, na sufuria iliyopikiwa samaki hakuigusa. Mama alijibu, "Kula hatuli. Sikusema tunakula. Nimesema wapo. Siku moja nitakupeleka uwaone kwa macho yako, halafu utaniomba radhi mbele ya kaka yangu." Lakini mwaka huu kulikuwa na duka, mwaka ule mtoto, mwaka mwingine mvua. Hawakwenda.

"Zile tano ni za samaki wa mama yenu," Baba alisema. "Mkanda uishie hapo."

Jumamosi iliyofuata tulipanda. Mjomba Mikaeli, kaka yake Mama, alitungoja kwenye kona ya migomba yake amevaa koti la suti na gambuti. Alikuwa amenyoa ndevu.

"Shikamoo Mjomba."

"Marahaba, wanangu. Shemeji, mwavuli wa nini na hakuna mvua?"

"Hali ya hewa ya kwenu siiamini," Baba alijibu.

"Na samaki wetu huwaamini. Kuna kitu gani cha Wameru unachokiamini?"

"Niliamini mmoja nikamuoa."

Mjomba alicheka, akageuka kutuongoza. Tulipita kwenye kahawa, tukapita shamba la maharage, tukaingia kwenye njia nyembamba yenye utelezi. Blessing alianza kulalamika kabla hatujafika hata kwenye miti mikubwa. Godwin alibeba chakula na kila baada ya hatua kumi aliniuliza kama anaweza kunisaidia kamera. Sikumpa. Ilikuwa kamera ya Kirusi, ya chuma, nzito kama tofali, na nilitembea nayo kifuani kama mtu anayebeba mayai.

Kule chini barabarani mto una rangi ya chai, na ndiyo maana pakaitwa hivyo. Kijito hiki cha juu hakikuwa na rangi yoyote. Penye kina cha magoti ungedhani mawe yamekaa hewani. Tulisimama ukingoni, tukatazama, hatukuona kitu.

"Haya," Baba alisema. "Mawe nimeyaona."

"Usitafute samaki," Mjomba alimwambia kwa sauti ya chini. "Tafuta kivuli chake kwenye mchanga. Ukishakipata kivuli, pandisha macho."

Baba aliinama. Alikaa hivyo muda mrefu, mikono magotini, nami nikaanza kuogopa kwamba atasema utani fulani. Kisha akavua kofia.

"Kumbe," alisema.

Nami nikamwona. Alikuwa na urefu wa kiganja na nusu, ameelekea juu maji yanakotoka, anatikisa mkia kidogo tu ili asirudishwe nyuma. Mgongo wake ulikuwa wa rangi ya mchanga, ubavuni madoa meusi na mstari mwekundu hafifu, kama kitambaa kilichochuja rangi. Nyuma yake walikuwa wengine watatu.

Baba alimgeukia Mjomba. "Shemeji, mwenyewe hayupo wa kuombwa radhi. Naiomba kwako."

"Nimeipokea," Mjomba alisema. "Ila umechelewa."

Wala hakusema kwa ubaya. Baba akanionyesha kwa mkono: piga.

Ya thelathini na mbili ilikuwa ya mawingu. Nilikuwa nimewaona samaki vizuri kwa macho, lakini nilipotazama ndani ya kamera nikaona anga imelala juu ya maji, nyeupe tupu, na kidole kilikuwa kimeshabonyeza. "Umempata?" Baba aliuliza. Nikasema sidhani.

Ya thelathini na tatu iliharibiwa na Blessing. Alidhani samaki watatulia wakipewa chakula, akawatupia kipande kizima cha andazi. Wote wanne wakatoweka kama waliofutwa kwa kitambaa, nami nikapiga andazi.

"Nilikuwa nawakaribisha," Blessing alisema.

"Umewafukuza," Godwin alimwambia. "Umewapiga na andazi kama unawapiga jiwe."

"Mama alisema wanakula."

"Mama hakusema wanakula maandazi."

Tulingoja zaidi ya nusu saa. Miguu yangu ilikufa ganzi. Samaki mmoja akarudi, kisha wa pili, na nilipokuwa nainua kamera Mjomba akakohoa. Alikuwa amesimama juu ya jiwe, amefunga vifungo vyote vya koti, mikono imenyooka ubavuni.

"Nami," alisema. "Kabla hazijaisha."

Nilimtazama Baba. Baba alimtazama Mjomba, lile koti, ndevu zilizonyolewa. Mjomba ni Mjomba, na hasa mjomba wa watoto waliofiwa na mama. Hakuna namna ya kumwambia kwamba picha tano ni za samaki.

"Mpige mjomba wako," Baba alisema, na sauti yake ilikuwa ya mtu anayetoa ng'ombe. Nilimpiga, hakutabasamu. Katika picha watu wa umri wake hawakuwa wakitabasamu. Ya thelathini na nne hiyo.

Ndipo Baba akapata wazo la mwavuli. Aliufungua, akapiga magoti kwenye tope la ukingo akiwa na suruali yake nzuri, akaunyoosha mkono mpaka mwavuli ukafunika kipande cha maji, na mawingu yale yakaondoka juu ya kijito kama mtu aliyevuta pazia. Kila kitu kilionekana mpaka chini. Lakini kivuli cha mwavuli kiliwatisha, wakaondoka. Tukangoja tena. Mkono wa Baba ulianza kutetemeka. Godwin akasema amshikie, Baba akakataa. Samaki mmoja akaingia chini ya kivuli, nikabonyeza, naye akaruka pembeni wakati uleule. Thelathini na tano.

"Lydia," Baba alisema bila kunitazama. "Imebaki moja."

"Najua, Baba."

"Nasema tu."

"Najua."

Nilikuwa na hasira na kila mtu pale. Na Blessing, na koti la Mjomba, na Baba kwa kunihesabia, na samaki wenyewe. Hata na Mama nilikuwa na hasira, kwa kusema kila mwaka kwamba tutakwenda. Nilijua kwamba nikishindwa, Baba hatasema neno, na hilo ndilo lililonikera zaidi.

Ya thelathini na sita nilipiga wakati samaki wawili wamesimama sambamba. Nadhani ilikuwa nzuri, lakini sikuwa na hakika, maana mkono ulicheza. Nikavuta kipini cha kusogezea mkanda, kwa mazoea tu, nikitegemea kikwame. Hakikukwama. Kilikwenda laini mpaka mwisho.

"Kuna nyingine," nilisema.

"Nyingine ya nini?"

"Ya ziada. Mikanda mingine hutoa moja au mbili zaidi." Hilo ni kweli. Aristides, mwenye studio pale Kijenge aliyenifundisha kamera, alikuwa ameniambia.

Baba alicheka. Tangu Machi sikuwa nimesikia kicheko chake. "Ni mama yenu huyo," alisema. "Mnaona? Alikuwa akipima kitambaa lazima aongeze kidole."

"Rachel hakuwa bahili," Mjomba alisema. "Bahili ulikuwa wewe."

Nikapiga ya thelathini na saba. Kipini kikaenda. Thelathini na nane. Sasa samaki walikuwa wameuzoea mwavuli, wote wanne wamekusanyika chini yake kwenye kivuli, wametulia kama wanafunzi kwenye mstari. Sijawahi kuona kitu kilichosimama vizuri namna ile kupigwa picha. Thelathini na tisa. Baba alikuwa akinong'ona, "Hapohapo, hapohapo, usiondoke," akiwaambia samaki. Kipini kikaenda kwa ya arobaini.

Hapo nikaishusha kamera.

Upande wa kushoto wa kamera yetu kulikuwa na kifundo kidogo cha kurudishia mkanda. Aristides aliniambia siku ya kwanza kabisa: ukivuta kipini, angalia kifundo. Kikizunguka, mkanda unatembea. Kisipozunguka, mkanda umelala. Nikabonyeza, nikavuta kipini polepole nikikitazama kifundo. Kilikuwa kimetulia tuli.

Nikakumbuka asubuhi ya kipaimara. Nilikuwa nimechuchumaa kwenye ngazi za kanisa nikichomeka ncha ya mkanda kwenye kijiti chake cha kukunjia, na Mama amesimama juu yangu na gauni lake la bluu, anasema, "Fanya haraka mwanangu, wanaanza kuingia." Nikafunga kifuniko, nikakimbia. Kifundo sikukitazama siku ile, wala Krismasi, wala siku ya duka.

"Vipi?" Baba aliuliza. "Imeisha?"

Alikuwa bado amepiga magoti kwenye tope. Mkono wenye mwavuli aliushikilia kwa mkono mwingine. Uso wake ulikuwa umelowa jasho, na alikuwa na furaha.

"Bado," nilisema.

Nikaweka jicho kwenye kamera, nikapiga. Nikavuta, nikapiga tena. Nilipiga mara saba au nane. Kila mlio wa kamera Baba alitikisa kichwa, kama mtu anayepokea kitu anachokabidhiwa. Halafu nikasema imeisha, nikaifunga kwenye kitenge.

Tulikula kande kwenye majani. Mjomba alieleza jinsi Mama, akiwa msichana, alivyoingia kijitoni na ndoo kujaribu kumkamata mmoja akarudi nyumbani amelowa hadi kichwani, na Bibi akamlaza nje ya mlango mpaka akauke kwa kuwa amegusa nyoka. Watoto walicheka. Nilisikia yote, lakini nilikuwa nawaza njia ya kushuka, na Jumatatu.

Aristides aliingiza mikono na kamera kwenye mfuko wake mweusi usiopitisha mwanga, akapapasa. Hakuchukua muda. Akatoa kamera, akaifungua mbele yangu kwenye mwanga, na hapo nikajua kwamba hakuna cha kulinda. Ulimi wa mkanda ulikuwa umelala pale nilipouacha Novemba, umejikunja ncha.

"Haukushika," alisema. "Mkanda wako mpya kabisa huu, dada. Haujapigwa hata moja." Alidhani ananipa habari njema. Aliponiona uso akauchomeka upya bila kuambiwa, akanionyesha kifundo kikizunguka. Kisha, ili kuhakikisha, akanipiga mimi pale mlangoni pa studio. Picha hiyo ninayo. Ndiyo namba moja ya mkanda ule. Nimesimama na mkoba mkononi, ninatazama chini.

Nyumbani Baba alikuwa barazani. Albamu ilikuwa mapajani, na alikuwa ameshaondoa picha za zamani kurasa mbili kupata nafasi.

"Wamesema lini?"

Nikamwambia. Nilimwambia yote kwa mara moja, hata kuhusu kifundo, hata kwamba kule kijitoni nilijua.

"Zote?" aliuliza.

"Zote."

"Hata za duka?"

"Hata za duka, Baba."

Alifunga albamu, akaingia ndani. Wiki mbili hakusema nami zaidi ya salamu. Chakula nilichopika alikula, nguo nilizopiga pasi alivaa. Godwin alijaribu kumwambia kwamba ni bahati mbaya. Baba akajibu, "Nani amesema ni makusudi?" na akaendelea kusoma gazeti. Ningependa angenigombeza.

Jumapili ya tatu, baada ya ibada, aliniita mezani. Alikuwa na daftari la shule, jipya, na kalamu.

"Wewe ndiye uliyetazama kwenye kile kidirisha," alisema. "Mimi nilikuwa nasimama tu. Andika. Namba moja ilikuwa nini?"

"Mama kwenye ngazi za kanisa, anamwekea Godwin tai sawa."

"Andika."

Tuliandika mpaka jioni. Namba sita tulibishana. Mimi nilisema Mama alikuwa ameshika bahasha ya sadaka, yeye akasema bahasha alikuwa nayo yeye. Namba kumi na moja nilisema Mama alifumba macho. Baba akasema mama yako hakuwa mtu wa kufumba macho kwenye picha. Nikasema mimi ndiye niliyekuwa nyuma ya kamera. Akasema, "Basi andika alifumba." Namba kumi na saba, ishirini na mbili, ishirini na tatu na ishirini na nane sikuzikumbuka. Nilikaa na kalamu, nikarudi nyuma, nikaenda mbele, nikajaribu kupitia nguo, kupitia vyakula vya Krismasi, wapi. Nikaziacha mistari mitupu. Mpaka leo ni mitupu. Kuna siku nadhani ishirini na mbili ilikuwa Mama akipepeta mchele, halafu naona labda hiyo naikumbuka tu kwa macho, haikupigwa.

Nilipofika thelathini na moja niliweka kalamu chini.

"Na za samaki?" Baba aliuliza.

"Baba, hizo nyingine nilikuwa nabonyeza tu. Nilishakuambia."

"Hata hizo za duka ulikuwa unabonyeza tu. Andika."

Nikaandika. Mawingu, andazi, Mjomba na koti lake, samaki mmoja akikimbia, samaki wawili sambamba. Baba alisogeza kiti, akavaa miwani, akanielekeza ya thelathini na saba kwa kidole kwenye karatasi, kama vile ipo pale.

"Wanne," alisema. "Wote wametazama juu, maji yanakotoka. Weka na yule wa nyuma, wewe hukumwona, alikuwa upande wangu."

"Walikuwa wanne, Baba."

"Watano. Nilikuwa nimeshika mwavuli mimi."

Nikaandika watano.